Kioo Kimekuwa Cheusi na Picha za Maharusi Zimo Ndani



Leo singo na liwa tunaviweka kando, tunazungumza laptopu. Msicheke. Wengi wetu tunaopiga picha kwenye sherehe za wanawake tunafanyia kazi laptopu za mtumba, na tumezitia Linux kwa sababu ni bure, haichoshi mashine ya zamani, na haitulazimishi kutumia programu za wizi. Sisi tunatumia Ubuntu. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004, mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni ndugu wa neno letu utu.

Maudhi yake yako kwenye kioo. Unaizima usiku ikiwa nzima, asubuhi unaiwasha, nembo ya kampuni inatokea, halafu giza. Feni inazunguka, taa ndogo inawaka, kioo cheusi ti! Sisi ilitufika Jumamosi, baada ya kusasisha mfumo, na bibi harusi wetu wa Alkhamisi alikuwa anaondoka Jumatatu na mumewe kwenda Muscat. Alitaka asafiri na picha zake.

Kila tuliyemwambia alijibu: pelekeni kwa fundi. Sasa hapo ndipo penye mazungumzo yetu. Ndani ya mashine ile mna maharusi wa misimu mitatu, nywele wazi, hina mpaka juu ya mikono, pamoja na mama zao, makungwi wao na wageni waliovua mabuibui kwa sababu mlangoni waliambiwa humu hamna mwanamme na simu haziruhusiwi. Suratun Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha amana zirejee kwa wenyewe, na sisi hatuoni tofauti ya amana ya dhahabu na amana ya picha. Fundi anaweza kuwa mcha Mungu kutushinda. Lakini ili ajue kama amefaulu lazima aifungue, na pengine atanakili kila kitu kwenye diski yake kwa nia njema kabisa, visije vikapotea. Kosa hana. Ila picha zile hakupewa yeye.

Basi tukaanza wenyewe. Swali la kwanza: kioo kimekufa, au mfumo ndio umeshindwa kukitumia? Kwanza bonyeza vitufe vya mwangaza, usidharau. Halafu izime, iwashe, itazame ile nembo ya mwanzo, kabla mfumo haujaanza. Ikiwa nembo inaonekana safi, kioo na waya wake vi hai. Ikiwa giza au mistari ipo tangu hapo, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa ubavuni. Ukiona picha hafifu kwa mbali, taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa. Unganisha pia na tivii kwa waya wa HDMI. Tivii ikionyesha vizuri na kioo hata nembo hakionyeshi, hilo ni la kioo au waya, na hakuna amri utakayoandika ikalitibu.

Nembo yetu ilikuwa safi. Tukabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, yakatokea maandishi meupe yakiomba jina na neno la siri. Alhamdulillahi! Maana yake mfumo uko macho, kilichoanguka ni sehemu ya kuchora picha tu. Tukaingia, tukaandika ls Pictures, na majina ya mafaili yakajipanga mbele yetu, moja baada ya jingine. Moyo ulitua.

Sababu yenyewe si ngumu kuielewa. Chipu ya picha ina draiva yake, programu ndogo inayokiwezesha kiini cha Linux kusemezana nayo. Kiini kikisasishwa, na draiva iliyotoka kwa kampuni ikabaki ya zamani, viwili hivyo havielewani tena. Uzuri ni kwamba Ubuntu haikitupi kiini cha kabla yake. Iwashe upya huku ukibonyeza Esc (kwenye mashine za zamani ni kushikilia Shift) mpaka itoke menyu, ingia mstari unaosema Advanced options, kisha chagua kiini chenye namba ndogo. Yetu ilifunguka hapo hapo. Tukaenda kwenye Software & Updates, sehemu ya Additional Drivers, tukachagua draiva iliyoandikwa kuwa imejaribiwa, tukaiwasha upya, na kioo kikarudi kama kawaida. Jumapili usiku mama wa bibi harusi alikuja kuchukua fleshi yake.

Ingegoma, kuna njia nyingine. Kwenye menyu ile ile simama juu ya mstari wa kwanza, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, na baada ya quiet splash ongeza nomodeset, kisha F10. Neno hilo linaiambia Linux iache mbwembwe za chipu, ionyeshe kwa njia ya kawaida. Kila kitu kinaweza kuonekana kikubwa na kizito, lakini utaona. Na linafanya kazi mara moja tu. Ukizima limeondoka, kwa hiyo usiogope kujaribu.

Likishindikana hilo nalo, okoa picha kwanza. Kwa kompyuta ya mwenzako tengeneza fleshi ya Ubuntu, ya GB 16 inatosha, iwashe laptopu kwa fleshi hiyo, kwenye menyu chagua safe graphics, halafu chagua kujaribu bila kusakinisha. Diski yako itaonekana pembeni, nakili picha kwenye diski ya nje. Kusakinisha usikuguse kabisa, maana unaweza kufuta kila kitu.

Lakini tazameni jambo hili lina maana gani. Kama sisi tunaweza kuzifungua picha kwa fleshi bila kuulizwa neno la siri, na mwengine yeyote anaweza. Lile neno la siri la kuingilia ni pazia, si kufuli. Kufuli ni kuifumba diski nzima siku ya kusakinisha. Ubuntu inakupa chaguo hilo, linaitwa LUKS. Neno lake ukilisahau, picha zimekwenda na hakuna wa kukurejeshea, basi liandike ulihifadhi unapohifadhi dhahabu yako.

Na nyinyi maharusi wetu, mkishapatana bei na mpiga picha, muulizeni pia: laptopu yako ikiharibika, inakwenda kwa nani?

Kioo chenyewe kikiwa ndicho kilichokufa, hapo fundi hana budi. Kwenye laptopu nyingi za mtumba diski inatoka kwa skrubu chache tu. Itoe kabla hujaondoka nyumbani. Fundi akishaweka kioo kipya, ile nembo ya mwanzo inatosha kumwonyesha kuwa kinafanya kazi, na nembo hutokea hata diski ikiwa mkobani mwako.