Gari Kuukuu Lisilo na Injini

Katika vijiji vya mitelemko ya mlima Meru hakuna kazi iwachoshayo wakulima kuliko kupeleka mazao sokoni. Siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, kina mama hutelemka na mikungu ya ndizi vichwani, au huwalipa vijana wa bodaboda. Basi tuliposikia kwamba mjini Arusha lauzwa gari kuukuu, Toyota Hiace, kwa shilingi milioni 4, tulifurahi sana nyumbani mwetu, ijapokuwa fedha tulizokuwa nazo ni za kuezekea nyumba.

Ila yake ilikuwa moja: injini imenoki. Fundi alituambia, "Mwalimu, bodi ni zima. Tia injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam, litakwenda."

Tukatwaa daftari, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Gari milioni 4, injini milioni 3, ufundi na vikorokoro milioni 1. Jumla milioni 8. Gari zima la namna ile lilitakiwa milioni 9. Faida yote, basi, ni milioni 1, na mashaka ni mengi. Injini ya mtumba hatukupata kuisikia ikinguruma. Tena kadi ya gari huandikwa namba ya injini pamoja na ya chasisi. Ukibadili injini, huna budi kwenda Mamlaka ya Mapato kuirekebisha.

Lakini lililokata shauri ni swali la mama watoto: "Injini ya kwanza ilikufa kwa nini?" Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili, tukaona oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa, yaani imeingia maji. Rejeta nayo imetoboka. Mwenye kuiacha injini ife kwa kiu, je, giaboksi aliitunza?

Hatukulinunua. Majirani walisikitika, na ndizi zingali zatelemka vichwani. Lakini masika yalipofika watoto walilala pakavu.

Hatusemi kwamba kila gari bovu ni hasara. Fundi mwenye karakana aweza kupata faida, kwa kuwa hanunui ufundi. Bali mtu wa mshahara, kabla ya kuuliza bei ya injini mpya, na aulize kwanza kilichoiua ya zamani.