Mnara wa Gabès na Ukuta wa Msikiti Wetu

Wiki hii tumeona vema tuzungumze na familia zetu juu ya jambo ambalo misikitini halitajwi ila kwa kulalamikiwa, nalo ni vijana wanaochora kutani. Tukilisikia tu, fikra zetu wengi hukimbilia uhuni, ukuta uliochafuliwa usiku na mlinzi anayekimbiza watu. Lakini yupo mmoja katika wachoraji hao ambaye makopo yake ya rangi yalimfikisha juu ya mnara wa msikiti, tena kwa idhini ya imamu. Habari yake ina mafunzo kwa wazazi na kwa kamati za misikiti, na pia ina mahali ambapo inatubidi tusite na kuuliza elimu inasema nini.

Ulimwenguni anajulikana kwa jina la eL Seed. Alizaliwa mwaka 1981 huko Le Chesnay, karibu na Paris, kwa wazazi wenye asili ya Tunisia. Jina hilo alijichagulia mwenyewe akiwa na umri wa miaka 16, aliposoma shuleni tamthilia ya Corneille iitwayo Le Cid. Neno hilo Cid asili yake ni la Kiarabu, as-sayyid, yaani bwana. Ni neno lile lile ambalo sisi watu wa pwani tumelizoea kwa matamshi ya Seyyid.

Nyumbani kwao alizungumza lahaja ya Kitunisia, lakini hadi alipofikia umri wa miaka 18 hakuweza kusoma wala kuandika Kiarabu. Kilichompeleka kwenye herufi hakikuwa mtihani wala fimbo ya mwalimu. Alikuwa akijiuliza yeye ni nani, Mfaransa au Mtunisia. Akaanza kujifunza kusoma na kuandika, na kwa njia hiyo akaifikia khati, sanaa ya mwandiko ambayo umma huu umeienzi kwa karne nyingi. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba khati ndiyo iliyompatanisha hata na ule Ufaransa wake, kwa kuwa aliyekwisha kuijua asili yake hana haja ya kuichukia nchi aliyozaliwa.

Wazazi wenzetu, hasa mlio na watoto huko Muscat, London na Minneapolis, mtalielewa hili kuliko sisi tuliobaki nyumbani. Mtoto aweza kuisikia lugha ya wazazi wake kila siku jikoni na bado akakua bila kuimiliki. Na sisi huku tuna upungufu wa namna nyingine. Watoto wetu hukhitimu juzuu wakiwa bado wadogo, herufi wanazijua zote, lakini ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba herufi hizo ni zao, na kwamba mkono wao pia unaweza kuziandika kwa uzuri.

Sanaa ya eL Seed ni mchanganyiko wa khati na michoro ya mitaani, na watu wameipa jina la kaligrafiti. Hajidai kuwa khattati aliyezisomea kanuni za kale kwa mwalimu. Herufi zake hupindana na kusukana hata msomaji hodari wa Kiarabu huenda akasimama kitambo kabla ya kulipata neno la kwanza. Mwaka 2013 alichora kuta 52 katika njia za chini kwa chini za barabara ya Salwa mjini Doha, na mwaka 2017 akapewa tuzo ya UNESCO na Sharjah ya utamaduni wa Kiarabu. Lakini kazi iliyomtambulisha kwa walimwengu ni ile ya Gabès, mji wa kusini mwa Tunisia, katika eneo la asili ya familia yake.

Msikiti wa Jara mjini humo ulijengwa mwaka 1994. Mnara wake, unaofikia kiasi cha mita 57, ulibaki saruji tupu ya rangi ya kijivu kwa miaka 18. Mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya mapinduzi, msanii huyu alimwendea imamu na kumweleza nia yake. Kwa mujibu wa masimulizi yake, imamu alimshukuru Mungu kwamba hatimaye amepatikana mtu, kwani alikuwa akimngojea kwa miaka mingi; wala hakumtaka aonyeshe mchoro wa mfano, wala hakumuuliza ataandika nini. Msanii akachagua kuandika kutoka katika aya ya 13 ya Surat al-Hujurat, ile inayowakumbusha watu wote kwamba asili yao ni moja, na kwamba kugawanywa kwao katika mataifa na makabila kumewekwa ili wapate kujuana.

Tusisahau wakati wenyewe. Mwezi Juni wa mwaka huo huo, maonyesho ya sanaa huko La Marsa, karibu na mji mkuu wa Tunis, yalishambuliwa na watu walioona yametukana dini. Fujo zikaenea na serikali ikatangaza amri ya kutotembea usiku. Katika nchi ambayo msanii na mswalihina walianza kutazamana kama maadui, mwandiko ule ulipanda juu ya mnara kuwakumbusha wote wawili aya moja.

Sisi tuliokabidhiwa dhamana ya ukatibu wa kamati ya msikiti tumeisoma habari ya imamu yule kwa mshangao kidogo. Kwetu hata kubadilisha mabomba ya maji ya kutawadhia kunahitaji muhtasari, makadirio matatu ya bei na sahihi ya mhazini. Wala hatusemi taratibu hizo ziachwe, maana mali ya wakfu ni amana. Hata hivyo, utaratibu ni jambo moja, na kuizoea kauli ya "hapana" kabla ya swali kumalizika ni jambo jingine.

Hapa ndipo tunapopaswa kusita. Wengi wetu katika nchi hizi tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na Imamu an-Nawawi, mmoja wa nguzo za madhehebu hayo, ameeleza katika kitabu chake at-Tibyan kwamba ni karaha kunakshi kuta na nguo kwa Qur'ani na kwa majina ya Mwenyezi Mungu. Ukuta hubanduka rangi, vumbi lake huanguka na kukanyagwa. Na Qur'ani imeteremshwa isomwe na ifuatwe kabla ya kuwa pambo. Mwenye kusema kwamba maandishi yasiyosomeka kwa urahisi yamegeuka kuwa nakshi tupu, hoja yake ina uzito, na si haki kumwita mshamba.

Pamoja na hayo, historia ya umma inatuonyesha desturi nyingine iliyokwenda sambamba na karaha hiyo. Qubbat as-Sakhra huko Jerusalem imezungushiwa aya tangu mwaka 72 Hijria. Na karibu nasi, katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuta za kibla zimebeba maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria. Waliotutangulia waliandika kutani, lakini waliandika kwa mkono uliosoma, mahali palipohifadhika, na kwa vitu vinavyodumu. Kwa hiyo swali letu halikomei kwenye kuandika au kutoandika. Tunapaswa kuuliza pia kitakachoandikwa ni nini, kitakuwa wapi, na kwa adabu gani.

Kazi yake nyingine inaongeza swali. Mwaka 2016 alikwenda Manshiyat Nasr mjini Cairo, mtaa wa Wakristo wa Kikopti ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakizikusanya taka za mji ule mkubwa na kuzichambua. Watu wa mjini huwaita Zabbalin, watu wa taka. Lakini alipokaa nao alitambua kwamba hawaishi takani, wanaishi kwa taka, na tofauti ya maneno hayo mawili ni heshima ya mtu. Akachora duara moja la mwandiko juu ya kuta za majengo zaidi ya 50, duara ambalo mtu hulipata zima akiwa amesimama mahali maalumu juu ya kilima cha Mokattam. Maneno yake yana maana kwamba atakaye kuiona nuru ya jua sawasawa hana budi kuyafuta macho yake kwanza, na ni ya Athanasius, askofu wa Alexandria wa karne ya 4.

Je, Muislamu atumie maneno ya askofu? Itikadi ya Athanasius juu ya Nabii Isa (a.s.) sisi hatuikubali, na msanii hakuiandika. Aliandika hekima yao ili wao, katika mtaa wao, waheshimike. Yapo maneno mashuhuri kwamba hekima ni kitu kilichompotea Muumini, popote aikutapo anayo haki nayo zaidi. Wanazuoni wameidhoofisha isnadi yake, lakini maana yake haipingani na sharia. Na aya ile ya mnara wa Gabès ingekuwaje na maana kwa mtu ambaye asingeweza kupanda kilima cha Cairo?

Tumeyasema haya yote kwa kuwa yametufika mlangoni. Msikiti wetu una ukuta mrefu wa uzio unaoelekea kituo cha daladala. Kwa miaka mingi ukuta huo ulikuwa na maandishi mawili tu, majina ya timu za mpira yaliyoandikwa usiku, na onyo la kutokojoa lenye faini ya shilingi 50,000 ambayo hatukumbuki kama iliwahi kulipwa na yeyote. Akatujia mama mmoja wa mtaani, muuza vitumbua, baada ya swala ya Alasiri. Mwanawe alimaliza kidato cha nne na hupata riziki kwa kuandika misemo nyuma ya bajaji. Msikitini alikuwa haonekani tena.

"Ustadh," alisema, "mimi siombi mumlipe. Nataka awe na sababu ya kuja huku wakati angali anatafutwa na adhana, kabla hajatafutwa na polisi."

Tukalipeleka suala hilo kwenye kikao. Mzee mmoja, mwanafunzi wa masheikh wakubwa, alisimama na at-Tibyan mkononi. "Bwana katibu, aya ya Mwenyezi Mungu haikai ukuta unaokojolewa." Hakuna aliyempinga, maana alisema kweli, na kauli yake ndiyo iliyotupa njia. Tulikubaliana kwamba ukuta wa barabarani usibebe aya wala jina la Mwenyezi Mungu, na usichorwe kiumbe chenye roho. Upande wa ndani unaoelekewa na wenye kuswali ubaki mweupe, kwa kuzingatia kisa cha pazia la Bibi Aisha (r.a.) kilichomo katika Sahihi ya Bukhari, ambapo Mtume (s.a.w.) alitaka liondolewe kwa kuwa picha zake zilikuwa zikimshughulisha katika swala. Na maneno yawe ya Kiswahili, yasomwe na kila anayeshuka kwenye daladala, awe Muislamu au si Muislamu. Yakachaguliwa maneno ya wahenga: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kijana aliifanya kazi hiyo kwa siku sita. Siku za mwanzo adhana ilipotolewa alikaa pembeni na makopo yake. Siku ya tatu tulimuuliza sababu, akasema mikono yake imejaa rangi ya mafuta na wudhuu hautosihi. Aliijua fiqhi hiyo tangu madrasa: rangi ya mafuta huziba ngozi, maji hayapenyi, ni lazima iondolewe kwanza. Kumbe tuliyemdhania ameipa swala kisogo alikuwa akiichunga twahara yake kuliko baadhi ya walio safu ya mbele. Kesho yake, mzee yule wa at-Tibyan alikuja na chupa ya mafuta ya taa, kitambaa na sabuni, akakaa naye kwenye ngazi ya kutawadhia wakisugua vidole kimoja kimoja. Adhuhuri hiyo walisimama safu moja.

Ukuta haujakojolewa tangu wakati huo, ingawa hatuwezi kudhamini ya mbele. Kijana bado anaandika bajaji zake, na Jumamosi asubuhi anawafundisha watoto wa madrasa namna ya kushika kalamu na kupima herufi, chini ya usimamizi wa ustadh wao, ambaye naye ameomba akae darasani kama mwanafunzi.

Ndugu zetu wa kamati za misikiti, kila mtaa una kijana wa namna hii. Akija na jambo lake, msikilizeni mpaka mwisho, kisha liulizeni elimu, na elimu ikiweka mpaka, mwonyesheni nafasi iliyobaki ndani ya mpaka huo. Na wazazi, mkiona mtoto anachora pembezoni mwa daftari, kabla ya kulichana mtafuteni mtu wa kumfundisha khati.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aifanye mikono ya watoto wetu iandike kheri, na atujaalie sisi wakubwa macho yaliyofutwa tuione kheri hiyo ikija. Amin. Wabillahi tawfiq.