Nyumba ya Fundi Saa: Amri ya Mungu na Sauti ya Dhamiri

Haarlem ni mji wa Uholanzi ulio jirani na Amsterdam. Kwa treni ni mwendo wa kama robo saa tu. Ukishuka stesheni unaweza kutembea kwa miguu hadi uwanja wa soko, lilipo kanisa kubwa la Mtakatifu Bavo. Kabla hujafika uwanjani unapita barabara nyembamba ya maduka iitwayo Barteljorisstraat. Nyumba namba 19 haina fahari yoyote. Asiyeambiwa ataipita akitazama madirisha ya nguo na viatu. Sisi akina mama tuliokwenda pamoja tulikuwa tumeambiwa, nasi tukapita uchochoroni, tukagonga mlango wa pembeni.

Mlango huo wa pembeni una habari zake. Ndio waliougonga usiku Wayahudi waliokuwa wakitafutwa ili wauawe.

Familia ya fundi saa

Mwaka 1837 Willem ten Boom alifungua hapa duka la saa. Mjukuu wake Corrie, aliyezaliwa mwaka 1892, alijifunza kazi hiyo kwa baba yake, mzee Casper, naye akawa mwanamke wa kwanza nchini Uholanzi kupewa leseni ya ufundi saa. Hakuolewa. Aliishi hapa na baba yake na dada yake mkubwa, Betsie, akitengeneza saa na kuwafundisha wasichana Neno la Mungu. Dada yao mwingine, Nollie, alikuwa ameolewa, akiishi na mumewe na watoto wao katika mji huo huo.

Mwongozaji wetu alituketisha katika chumba cha kulia. Hapa mzee Casper alisoma Biblia kila asubuhi na kila jioni, wote wa nyumbani wakisikiliza, hata vibarua wa dukani. Tunaomba, msomaji mpendwa, uikumbuke meza hiyo, maana tutairudia.

Wajerumani waliiteka Uholanzi mwezi Mei 1940. Nchi hiyo ilikuwa na Wayahudi wapatao 140,000, na kabla vita haijaisha zaidi ya 100,000 kati yao walikuwa wameuawa. Kumficha Myahudi lilikuwa kosa la kupelekwa gerezani au kambini. Familia ya ten Boom, watu waliokuwa wakilipa kodi zao na kutii serikali kama Mtume Paulo alivyoagiza katika Warumi 13, ikaanza kuwaficha.

Kuficha watu si kufunga mlango tu. Watu waliofichwa hula, na wakati ule chakula kilipatikana kwa kadi za mgao, ambazo Myahudi aliyejificha hakuweza kupewa. Corrie alimwendea mtu aliyefanya kazi katika ofisi ya mgao, akamwomba kadi 100. Ili zipatikane ilibidi wajifanye wameibiwa, na mfanyakazi huyo akakubali kupigwa ili wizi uonekane wa kweli. Hapo hapo, ndugu zetu, amri mbili zimeguswa: usiibe, na usimshuhudie jirani yako uongo. Aliyezigusa ni mwalimu wa Biblia.

Dada wawili, majibu mawili

Corrie alisimulia habari hizi katika kitabu chake *The Hiding Place*, kilichotoka mwaka 1971. Katika kitabu hicho Nollie hakuwa kama Corrie. Yeye alishika kwamba Mkristo hasemi uongo, hata askari akisimama mlangoni na bunduki. Watoto wake aliwalea hivyo.

Siku moja askari waliingia nyumbani kwa Nollie kuwatafuta vijana wa kiume wa kupelekwa kazini Ujerumani. Vijana wake walikuwa wamejificha katika shimo chini ya sakafu ya jikoni, na juu ya mlango wa shimo hilo ilikuwa imewekwa meza. Askari wakamwuliza binti yake, kaka zako wako wapi? Binti akajibu, wako chini ya meza. Askari wakafunua kitambaa, wakaona patupu. Binti akashikwa na kicheko cha hofu, askari wakadhani wanachezewa, wakaondoka kwa hasira.

Mkisikia hivyo mtasema, kumbe ukweli unalinda! Lakini ngojeni. Baadaye askari walirudi. Safari hii nyumbani mwa Nollie alikuwamo msichana wa Kiyahudi mwenye nywele za rangi ya dhahabu na vitambulisho vya kughushi vizuri sana, ambaye hakuna ambaye angemtambua. Wakamwuliza Nollie, je, huyu ni Myahudi? Nollie akajibu, ndiyo. Wote wawili wakachukuliwa. Nollie akatiwa gerezani. Msichana akapelekwa Amsterdam, mahali Wayahudi walipokusanywa kabla ya kusafirishwa.

Corrie hakuficha kwamba jambo hilo lilimchoma moyo. Kwa Nollie kusema kweli ilikuwa utii. Kwa msichana yule kweli ile ilikuwa hukumu ya kifo. Kutoka gerezani Nollie alituma neno kwamba Mungu hataruhusu msichana huyo ateseke kwa sababu yeye amemtii. Baada ya siku chache wapinzani wa Wajerumani walilivunja jengo lile usiku na kuwatoa Wayahudi kama 40, naye akiwamo.

Tulipofika hapo mmoja wetu alisema, "Basi Nollie alikuwa na haki." Mwingine akajibu, "Na wale ambao hawakuvunjiwa jengo?" Tukanyamaza. Ni kweli kwamba Mungu alimhurumia msichana yule. Lakini hatuwezi kuufanya muujiza mmoja kuwa sheria. Katika Ulaya nzima walikuwako watu walioonyeshwa kwa kidole, na hakuna aliyekuja kuwaokoa.

Amri mbili mlangoni

Biblia yenyewe haitufichi jambo hili. Katika Kutoka 1:15-21 wakunga Shifra na Pua waliamriwa na Farao kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania. Hawakutii, na walipoulizwa wakampa Farao jibu la kumpoteza. Maandiko yanasema walimcha Mungu, naye akawatendea mema. Katika Yoshua 2 Rahabu aliwaficha wapelelezi darini na kuwaelekeza askari njia nyingine. Waebrania 11 na Yakobo 2 zinamtaja miongoni mwa watu wa imani. Tuangalie vema: Maandiko hayausifu uongo. Yanasifu hofu ya Mungu iliyowafanya wanawake hao waokoe uhai.

Basi Corrie na Nollie hawakugombana juu ya kama amri za Mungu zitiiwe. Wote wawili walitaka kutii. Shida ni kwamba amri mbili zilifika mlangoni saa moja: sema kweli, na mpende jirani yako kama nafsi yako. Nollie alishika ya kwanza na kumwachia Mungu ya pili. Corrie alishika ya pili na kumwomba Mungu rehema juu ya ya kwanza. Nasi tumejifunza kwao kwamba waliendelea kuwa dada. Corrie alihangaika mpaka Nollie akatolewa gerezani, na hakuna aliyemtenga mwenzake. Ndivyo Paulo anavyofundisha katika Warumi 14: kila mtu athibitike katika akili yake mwenyewe, wala asimhukumu mtumishi wa mwingine.

Ukuta ulio juu

Ngazi za nyumba hii ni za mwinuko mkali. Tulipanda tukishikana mikono hadi chumba cha Corrie, kilicho juu kabisa. Hapo ulijengwa ukuta wa uongo wa matofali, na nyuma yake nafasi ambayo upana wake haufiki mita moja. Mtu aliingia kwa kutambaa kupitia sehemu ya chini ya kabati la shuka. Siku hizi ukuta umetobolewa ili wageni waone ndani.

Tarehe 28 Februari 1944 Gestapo waliivamia nyumba baada ya kuchongewa. Watu sita walikimbilia nyuma ya ukuta. Corrie, aliyekuwa kitandani na homa, alipigwa makofi akiulizwa, chumba cha siri kiko wapi? Hakusema. Watu wapatao 30 walikamatwa siku ile, wakiwamo mzee Casper na watoto wake. Wale sita walikaa karibu siku mbili bila chakula wala maji, nyumba ikilindwa na askari, mpaka wenzao walipowatoa.

Mzee Casper alikuwa na miaka 84. Aliambiwa angerudishwa nyumbani akafie kitandani kwake kama angeahidi kutoleta matatizo tena. Alijibu kwamba akirudi, kesho yake atamfungulia mlango kila mwenye shida atakayeugonga. Kumbe angeweza kutoa ahadi ya uongo na kurudi nyumbani! Familia hii ilivunja sheria ili kuokoa wengine; kwa ajili ya kujiokoa mwenyewe, mzee hakutaka kusema uongo hata neno moja. Alifariki baada ya siku kumi. Betsie alifia katika kambi ya wanawake ya Ravensbrück mwezi Desemba 1944, na siku chache baadaye Corrie akaachiliwa. Mwaka 1967 Taifa la Israeli lilimtambua Corrie kuwa mmoja wa watu wa mataifa waliowaokoa Wayahudi.

Pale ambapo amri ni moja tu

Kuna habari nyingine ambayo bila hiyo tungeondoka Haarlem na somo nusu. Mwaka 1947 Corrie alihubiri juu ya msamaha katika kanisa moja mjini Munich, Ujerumani. Baada ya ibada akamjia mwanamume aliyekuwa mlinzi kule Ravensbrück. Alisema ameokoka, akanyosha mkono, akaomba msamaha.

Corrie alieleza kwamba moyo wake ulikuwa baridi kabisa. Hakuhisi upendo hata kidogo. Kama angefuata sauti ya moyoni siku ile, angegeuka na kuondoka, na nani angemlaumu? Lakini hapo hapakuwa na amri mbili. Palikuwa na moja tu, ile ya Mathayo 6:14-15. Akaomba msaada, akanyosha mkono kama mtu wa mbao, na upendo ukaja baada ya mkono.

Hapa ndipo tunapokosea mara nyingi, akina mama wenzetu. Tunapenda kumtaja Corrie wa Haarlem, aliyedanganya askari, tukitafuta ruhusa. Tunamsahau Corrie wa Munich. Mama anamwambia mtoto, "Akija mwenye deni, mwambie sipo." Mwingine amekosana na wifi yake miaka minane, naye husema, "Dhamiri yangu hainisumbui." Lakini mlangoni mwa mama huyo hakuna roho ya mtu inayotafutwa. Kuna amri moja tu, na moyo usiopenda kuitii. Paulo mwenyewe alisema katika 1 Wakorintho 4:4 kwamba kutojiona na hatia si kuhesabiwa haki. Na katika 1 Timotheo 4:2 anataja dhamiri iliyochomwa moto hadi haisikii tena. Kunyamaza kwa dhamiri kwaweza kuwa ugonjwa.

Ya kupima nyumbani

Tusidhani kwamba swali la mlangoni ni la Wazungu wa zamani. Mwaka 1994, hapa jirani nchini Rwanda, lilisikika katika nyumba nyingi: mmemficha nani humu? Wako waliowatoa wenzao, hata ndani ya majengo ya kanisa. Wako pia waliosema hakuna mtu, huku jirani yao amelala chini ya kitanda akisikia kila neno, nao wakihatarisha maisha yao na ya watoto wao.

Basi tumepima mambo matatu.

Kwanza, ni nani anayelipa? Dhamiri ya Corrie ilimpeleka Ravensbrück. Dhamiri inayonipunguzia mimi gharama na kumwongezea mwenzangu, niichunguze mara mbili.

Pili, dhamiri yangu inakula nini? Ile meza ya chumba cha chini ilikuwa ikilisha dhamiri asubuhi na jioni kwa miaka mingi kabla vita haijafika. Askari anapogonga hakuna muda wa kufungua Biblia na kutafuta mstari. Mtu hujibu kwa kile kilichokwisha kuwekwa moyoni. Watoto wetu wanawekewa nini mezani petu?

Tatu, je, kweli ni amri mbili zinazokutana, au ni moja tu ninayoikwepa? Mara nyingi sana, katika maisha yetu ya jikoni na sokoni, ya baba na watoto na majirani, ni moja tu. Hapo hakuna haja ya mjadala mrefu. Nyosha mkono, hata kama ni mkono wa mbao.

Na ikija siku ambayo amri mbili zitafika mlangoni kwa pamoja, tusimhukumu dada yetu aliyejibu tofauti nasi. Tumpelekee chakula gerezani. Bwana atusaidie.