Ukoga wa Tangi Jipya

Ndugu zangu wapenzi wa lugha, mmezoea kunisoma nikizozana na watu juu ya vina na mizani. Leo niwieni radhi: nitaandika juu ya uchafu wa kahawia.

Mwanangu anafanya kazi Muscat. Alipokuja likizo, miezi michache baada ya mama yake kufariki, alinikuta nimekaa sebuleni nikitazama ukuta, naye akaona ukuta si kitu cha kutazamwa na mzee aliyestaafu. Akaniletea tangi la kioo la lita 120 pamoja na pampu na taa yake, akaliweka pale pale nilipokuwa nikitazama. Maji tuliyachota baharini, Raskazone, kwa madumu, bahari ikiwa imejaa. Tukatia mchanga mweupe na mawe makavu ya matumbawe. Mvuvi mmoja akatuletea samaki wawili wadogo wenye michirizi myeupe na myeusi, ambao jina lao hakulijua zaidi ya kusema kwamba ni samaki wa mawe. Mjukuu wangu wa miaka tisa, ninayeishi naye, aliwapa majina ambayo nimeapa kutoyataja.

Mwanangu akarudi kazini. Siku ya kumi na mbili mchanga ulianza kubadilika rangi. Kwanza ukawa kama chai ya maziwa, kisha kama mtu aliyemwagia unga wa mdalasini tangi zima. Kioo, mawe, hata mpira wa pampu, vyote vilivikwa utando wa kahawia. Mchana, taa ikiwaka, vipovu vidogo vya hewa viliunasia utando huo vikang'aa kama shanga. Ningekuwa na akili ya kishairi siku ile, ningelitazama jambo hilo kwa makini. Mimi nilichukua mswaki.

Nilisugua Jumatatu, ukarudi Jumatano. Kwa kuwa maji ya tangi hupungua kwa kugeuka mvuke, na chumvi hubaki, kila siku niliongeza maji baridi ya kisima cha nyumbani ili chumvi isizidi. Ukoga ukanenepa. Hatimaye, Jumamosi moja, niliamua kumaliza kazi. Nilitoa mawe yote nikayasugua kwa brashi, mengine nikayachemsha jikoni. Sifongo ya kichujio niliikamua chini ya bomba hadi ikarudia rangi yake ya dukani, na mchanga nikaukosha kama mchele. Jioni tangi liling'aa. Mjukuu wangu alilizunguka mara mbili, kisha akauliza, "Babu, mbona umeosha kila kitu?" Nikamjibu kwamba usafi ni sehemu ya imani.

Siku ya pili samaki wale walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Siku ya tatu tuliwazika chini ya mpera. Mtoto hakulia mbele yangu. Alilia usiku, akidhani nimelala.

Nilikwenda kwa rafiki yangu wa tangu chuo cha ualimu, ambaye yeye alisomesha biolojia. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, hukuua ukoga. Umeua wafanyakazi." Akanieleza kwamba mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki huzaa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili. Bakteria hao huishi juu ya mawe, mchangani na ndani ya sifongo, na huchukua majuma manne hadi sita, pengine zaidi, kujijenga katika tangi jipya. Yaani tangi langu halikuwa tayari hata kwa samaki wale wawili, na hao wafanyakazi wachache waliokuwa wameanza kazi niliwachemsha.

Na ule utando wa kahawia? Hao ni dayatomu, viumbe vya seli moja vyenye ganda la silika, kitu kile kile kinachotengenezea kioo. Hupenda kutokea katika majuma ya kwanza ya tangi jipya, hula silika iliyomo majini, na ikiisha hufifia. Maji ya kisima, yaliyopita katika mwamba, huwa na silika. Kila kikombe nilichokiongeza kilikuwa karamu. Rafiki yangu akaongeza kwamba dayatomu wa baharini na wa maziwani hukadiriwa kutoa takribani moja ya tano ya oksijeni inayotolewa na viumbe vya dunia nzima. Nilijisikia kama mtu aliyemfukuza mgeni mlangoni kisha akaambiwa cheo chake.

Maelezo yote hayo aliyatoa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo biolojia inavyofundishwa katika shule zetu za sekondari. Nikamtaka anipe neno la Kiswahili la jamii nzima ya viumbe hao. Akasema "mwani". Tukabishana hadi chai ikapoa. Mwani kwangu ni ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani wameulima kwenye kamba tangu mwaka 1989, unaovunwa, ukaanikwa na kuuzwa. Kitu kisichoshikika kwa vidole nacho kiitwe mwani? "Kuvu" si sahihi, maana kuvu hahitaji mwanga. "Utando" unataja umbo tu. Mimi nimebaki na "ukoga", ule unaoshika meno yasiyopigwa mswaki, ingawa nakiri kwamba jina hilo ndilo lililonitia mswaki mkononi. Mwenye neno bora na alilete.

Niliporudi nyumbani sikuwa nikiwafikiria samaki peke yao. Mwaka 1994 kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea shairi lake la kwanza, beti saba juu ya baba yake aliyezama akivua. Mishororo mingi ilipwaya: huku mizani kumi na tano, huku kumi na saba, vina vya kati vimepotea kabisa. Nililichukua nyumbani, nikalisahihisha kwa wino mwekundu kwa saa mbili nzima, kwa mapenzi ya dhati. Lilirudi limenyooka. Alinishukuru kwa adabu, na hakuniletea jingine. Miaka mitatu iliyopita nilikutana naye stendi, sasa anauza vipuri vya magari. Alinipa shikamoo, akanibebea mzigo. Nilimuuliza kama bado anaandika, akacheka: "Mizani ilinishinda, Mwalimu."

Tangi nililiacha bila samaki kwa majuma manane. Taa, ambayo ilikuwa ikiwaka tangu alfajiri hadi nilalapo, sasa huwaka saa nane tu kwa siku. Ninaongeza maji yaliyochujwa, yanayouzwa kwa madumu, na sifongo ninaisuuza ndani ya maji yale yale ya chumvi ninayoyatoa tangini. Katika juma la sita ukoga wa kahawia ulianza kubanduka wenyewe vipande vipande. Mahali pake pakaota nyuzi za kijani, fupi, zinazoyumba na mkondo wa pampu. Mkono uliniwasha. Mjukuu wangu akaenda Raskazone na shangazi yake, akarudi na konokono sita wadogo weusi wa miambani.

Kioo cha mbele ninakifuta, ili tuone. Cha nyuma amenikataza nisikiguse, maana ndicho malisho yao, na asubuhi huhesabu njia walizochora usiku ndani ya ule ukijani. Jana zilikuwa kumi na moja. Samaki amesema tusubiri hadi shule zifungwe.