Bunduki ya Mjomba Haina Baruti

Kwa miaka miwili nimelipwa kuandika kuhusu vitu ambavyo sijawahi kuvishika. Mashine za kukata nyasi. Magodoro ya mbwa. Mahema ya kulala kwenye theluji. Ukiacha chuo mwaka wa pili na una laptopu inayowaka, kazi ya kuandika mtandaoni inakupokea bila kuuliza cheti. Mteja yuko Marekani au Uingereza, mimi niko Ukunda kwenye chumba kimoja chenye feni moja, analipa kwa hesabu ya maneno, na hana haja ya kujua mimi ni nani.

Kaskazi iliyopita ilileta oda ya maneno 3,000: linganisha bunduki za upepo zinazotumia gesi, halafu mweleze msomaji namna ya kuzirekebisha. Nikasoma siku nne mfululizo.

Kitu chenyewe ni hivi. Bunduki ya upepo ya kawaida ina springi ya chuma ndani. Ukikunja mtutu, springi inabanwa. Ukivuta kifyatulio, springi inaachia, pistoni inakimbia mbele na kuikamua hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo ndiyo inayoirusha risasi ndogo ya risasi. Hakuna baruti. Sasa kuna wajanja walioitoa springi wakaweka silinda iliyofungwa, yenye gesi ndani, mara nyingi naitrojeni. Kanuni ni ileile ya vile vyuma viwili vinavyoinua buti la gari likabaki juu bila kushikwa. Kampuni ya Theoben ya Uingereza ndiyo iliyozipa umaarufu miaka ya 1980.

Wanaozipenda wanasema springi ukiiacha imebanwa kutwa nzima inachoka, gesi haichoki. Springi inatetema na kulia baada ya mlio, gesi inapiga mara moja na kunyamaza. Wasiozipenda wanasema gesi ni nzito kuibana tangu mwanzo, kwa sababu hata kabla hujaikunja tayari ina shinikizo. Na mpira wa kuzuia gesi ukivuja, huna la kufanya nyumbani.

Lakini jambo lililonikaa kichwani ni lingine. Karibu kila mtu anayejua kuzirekebisha anasema usikimbilie nguvu. Ongeza gesi, risasi itaenda kasi zaidi, ndiyo, lakini bunduki nayo itaruka zaidi mkononi kabla risasi haijatoka mtutuni, na shabaha itatawanyika. Wengine hupunguza gesi makusudi. Wanabadilisha aina ya risasi, wanalainisha kifyatulio, wanajifunza kuishika bila kuibana. Nguvu ya kutosha, isizidi.

Nilipofika hapo nikacheka peke yangu, maana maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, Msambweni, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuona bunduki ya gesi.

Mjomba ana bunduki. Ukisema hivyo Nairobi watu watageuka. Pwani ya kusini, kuanzia Diani hadi Gazi na Msambweni, mvuvi akisema "bunduki" anamaanisha ubao wenye urefu wa kama mkono na nusu, mfereji juu yake, kifyatulio cha chuma kilichokatwa kwa tupa, mishipi miwili ya mpira wa tyubu, na chuma chembamba kilichochongwa ncha. Mzamiaji anavaa miwani, anavuta pumzi, anashuka mita tatu, nne, tano, anamngoja tasi au pono atokee jiweni. Halafu anafyatua. Hana boti, hana injini, hana wavu. Ana mapafu.

Mjomba huichezea hiyo bunduki kama wale wazee wa Ulaya wanavyozichezea zao. Malalamiko yake makubwa ni mpira. "Tyubu za siku hizi ni mvivu," husema, na sayansi iko upande wake. Tyubu nyingi za sasa ni za mpira wa butili, ambao unashika upepo vizuri sana lakini ukiuvuta na kuuachia haurudi kwa hasira. Mpira wa asili, ule wa utomvu, unarudi mara moja. Ndiyo maana akipata kipande cha mpira wa zamani anakihifadhi kivulini kama hati ya shamba, kwa sababu jua linaupasua.

Nilimuuliza kwa nini asiweke mishipi minne. Akaniangalia kama mtoto wa bara. Chuma kikisukumwa kwa nguvu kupita unene wake kinajipinda njiani kama mkia wa taa, kinapita pembeni ya samaki. Na maji si hewa. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, na ukizidisha kasi mara mbili, ukinzani unakuja mara nne. Yaani nguvu unayoiongeza inaliwa na bahari kabla haijamfikia samaki. Mjomba hakutumia maneno hayo. Alisema tu, "Mwanangu, maji hayagombezwi."

Nyumbani kwake imo pia bunduki ya pili, ya kizungu, aliyoachiwa na mgeni wa hoteli aliyekuwa anarudi kwao. Hiyo haina mpira. Ni bomba lenye pistoni, unalijaza hewa kwa pampu ya mkono mpaka baa 20 hivi. Tairi la gari dogo halifiki hata tatu. Ukiingiza mshale unaisukuma pistoni nyuma dhidi ya shinikizo lote hilo. Kumbe ni binamu kamili wa ile bunduki niliyokuwa naiandikia, ila imezama majini. Ni fupi, inageuka vizuri kwenye mapango ya miamba, na nguvu yake haipungui sana tangu mwanzo wa safari ya mshale hadi mwisho, tofauti na mpira ambao hulegea kadiri unavyorudi.

Mjomba aliitumia kwa msimu mmoja. Pistoni ikifika mwisho inagonga, na samaki wa jirani wote wanasikia. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye pete ya mpira, hewa inavuja. Pete ilipokatika aliitafuta Ukunda nzima, hakupata. "Mpira wangu ukikatika nakata mwingine hapohapo ufukweni," alisema, akaitundika ukutani. Bado iko.

Hapo ndipo mtoto wake wa pili anapoingia. Ana miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, na anataka ile ya ukutani ifufuliwe. Alinijia na pete iliyokatika ndani ya mfuko wa plastiki. "Kaka, wewe una akaunti ya dola. Niagizie."

Pete yenyewe si ghali, ni kitu cha bei ya soda mbili. Tatizo ni kwamba bunduki zote mbili ni haramu. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku bunduki za kuvulia pamoja na juya la kukokota. Diani yenyewe ilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1995, wavuvi wakapinga, na mambo yakaishia kwenye karatasi.

Na sababu zipo. Watafiti waliolinganisha zana za uvuvi kwenye miamba yetu walikuta bunduki ni miongoni mwa zana zinazogusana na matumbawe zaidi, maana samaki akikimbilia jiweni mvuvi anamfuata kwa chuma. Halafu kuna hesabu ya kikande. Kikande ndiye anayekula vile vidudu vya miiba mirefu myeusi vinavyokufanya uvae raba ukiingia majini. Yeye ni samaki rahisi kukamatwa. Akiisha, miiba inazaana, inaparura mwamba usiku na mchana, na mwamba uliokwisha kuchoka tangu joto la mwaka 1998 lilipoua matumbawe mengi haupati nafasi ya kupona. Ukienda Kisite, ambako uvuvi umefungwa, unaona tofauti kwa macho yako.

Nilimweleza yote hayo. Alinisikiliza kwa adabu, mikono imekunjwa. Halafu akasema, "Sawa kaka. Wavu ni pesa. Boti ni pesa. Malema hayaendi bila mtumbwi. Bunduki ni mimi na pumzi yangu. Wewe wakija kukunyang'anya laptopu, watakupa nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu laptopu yangu nayo inanyang'anywa, ila polepole. Tangu mwisho wa 2022 kompyuta zimejifunza kuandika kuhusu magodoro ya mbwa, na wateja wameanza kupotea mmoja mmoja bila hata kuaga. Oda ya bunduki za gesi ilikuwa ya mwisho kutoka kwa yule mteja. Wenzangu wengi niliokuwa nao kwenye kazi hii sasa wanaendesha boda. Hakuna aliyetuletea wavu mbadala.

Kwa hiyo namwelewa. Kijana akichagua chombo rahisi kuliko vyote, ni kwa sababu ndicho alichoweza kukifikia. Hata mimi nilianza hivyo. Lakini kumwelewa si kumwagizia pete. Baa 20 mkononi mwa mtu anayezamia peke yake, akijilazimisha kubaki chini sekunde kumi zaidi kwa sababu sasa ana nguvu ya kumfikia tewa wa mbali, hiyo ndiyo nguvu iliyozidi ambayo mjomba na wale wazee wa Ulaya wote wanaikataa. Watu huzimia majini wakiwa karibu kabisa kufika juu, bila onyo, na wa kuwashika hayupo.

Nilimrudishia mfuko. Nikamwambia dola zilizobaki kwenye akaunti zinatosha mishipi, ndoana na mgao wa safari za mwanzo kwenye mtumbwi wa jirani, kama atakubali kuamka saa kumi usiku. Hakukubali siku hiyo. Alinuna wiki nzima.

Mwezi wa nne kusi ikaingia, maji yakavurugika, na bunduki zote za kijiji zikapanda ukutani zenyewe, maana hakuna anayeweza kulenga asichokiona. Ndipo akaja kuuliza kama zile dola bado zipo. Nikamtumia kwa M-Pesa. Kaskazi ikirudi maji yatakuwa meupe tena, na atachagua upya. Pete ile bado anayo, nimeiona kwenye kamba ya funguo zake.