Cheti na mtu: Audrey Mbugua alivyotafuta kazi kwa jina lake

GOMA – Mtu aliyekimbia vita anajua uzito wa karatasi. Familia nyingi zilizotoka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo zilibeba watoto, sufuria na magodoro, lakini diploma ya serikali ikabaki nyumbani ndani ya sanduku. Siku tangazo la kazi linapobandikwa kwenye ubao wa shirika, mwalimu mwenye miaka mingi ya ualimu anasimama mlangoni kama mtu ambaye hakusoma. Akili anayo, mikono anayo, lakini karatasi inayosema yeye ni nani haiko.

Kuna watu wengine ambao karatasi zao ziko salama mikononi, hazikuchomwa wala kupotea, na bado ni karatasi hizo zinazowafungia mlango. Mmoja wao ni Audrey Mbugua wa Kenya. Habari yake ilipita katika magazeti na redio za nchi hiyo miaka zaidi ya kumi iliyopita. Inafaa kusimuliwa tena huku kwetu, kwa sababu shida aliyoipata iko hata mahali ambapo hakuna anayeitaja.

Audrey alipozaliwa aliandikwa mtoto wa kiume. Alisoma Kiambu High School, na mwaka 2001 alifanya mtihani wa kumaliza sekondari, ule ambao kwa Kenya uko kama mtihani wetu wa serikali. Alipata A-, alama ya pili kutoka juu kabisa. Kwa alama hiyo aliingia Chuo Kikuu cha Maseno, magharibi mwa Kenya, akasoma sayansi ya bioteknolojia ya tiba. Mzazi yeyote angeshangilia: mtoto ameshafika, kazi itamfuata.

Lakini Audrey ni transgenda, maana yake ni mtu ambaye jinsia anayojijua nayo moyoni si ile aliyoandikiwa siku ya kuzaliwa. Yeye anajijua kuwa mwanamke. Alipoanza kuvaa na kuishi kama mwanamke, dharau na vicheko vilimfuata. Mwaka 2008 madaktari walithibitisha hali yake, na baadaye jambo hilo likaelezwa mbele ya mahakama. Halikuwa mchezo wala uigizaji.

Sasa ikaja habari ya kazi. Anayeajiri Kenya huomba kitambulisho na cheti cha sekondari. Audrey alikuwa akifika kama mwanamke, na cheti kinaonyesha jina la mwanaume na alama ya kiume. Yule anayekaa nyuma ya meza anatazama karatasi, anatazama mtu, anatazama tena karatasi. Wazo linalomjia kwanza ni kwamba huyu ameiba cheti cha mtu mwingine. Alama nzuri zote za mwaka 2001 zinageuka kuwa ushahidi dhidi ya mwenyewe aliyezipata.

Lugha yetu ina jambo moja la kufikirisha hapa. Kiswahili kinasema “yeye” kwa mwanaume na kwa mwanamke. “Amefika”, “anafanya kazi vizuri”, “mpeni kiti”: hakuna neno ndani yake linalouliza jinsia. Bibi kijijini anaweza kumsifu mtu tangu asubuhi mpaka jioni bila kulazimika kusema kama ni mume au mke. Fomu ya kazi haiko hivyo. Ina vyumba viwili vidogo, na ni lazima kutia alama katika kimoja.

Audrey alibadili jina lake kwa njia ya sheria, akawa Audrey Mbugua Ithibu. Akaenda kwa baraza la mitihani la Kenya kuomba cheti chenye jina hilo. Baraza halikukubali. Mwaka 2013 akafungua kesi katika Mahakama Kuu ya Nairobi. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba baraza litoe cheti kipya chenye jina lake la sasa, tena bila alama ya jinsia. Hoja yake mtu wa kawaida anaweza kuielewa: alama za mtihani hazitoki katika jinsia ya mwanafunzi, na kuiondoa alama hiyo hakupunguzi wala kuongeza chochote katika alichofaulu. Jaji alikumbusha pia heshima ya utu, ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu katika kifungu cha 28.

Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, kulikuwa na uamuzi mwingine. Audrey na wenzake walikuwa wameanzisha shirika la kuwatetea na kuwaelimisha watu kama wao, linaloitwa Transgender Education and Advocacy. Ofisi ya kuandikisha mashirika iliwakatalia. Jaji George Odunga aliamuru liandikishwe. Kwa hiyo yule aliyekosa kazi katika fani aliyosomea alijitengenezea kazi nyingine: kuongoza, kuandika, kusimama mahakamani, kuwafundisha waajiri na wauguzi. Si kazi aliyoiota alipokuwa Maseno, lakini imefungua njia kwa wengine.

Hata hivyo tusidanganyane. Si kila mtu anaweza kukaa miaka akipigana na ofisi na mahakama. Wengi hawana pesa ya avokati, na wanaogopa jina lao kusomwa hadharani. Wengi wanachagua kazi zisizoomba karatasi: kusuka nywele, kushona, kuuza sokoni, kupika. Hizo ni kazi za heshima. Lakini kuzichagua kwa kupenda ni jambo moja, na kusukumwa ndani yake ukiwa na diploma kabatini ni jambo lingine.

Je, huku kwetu Congo? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 11 kwamba watu wote wanazaliwa huru na sawa katika heshima na haki. Kifungu cha 36 kinasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na kwamba mtu asidhulumiwe katika kazi yake kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, mawazo yake, imani yake au hali yake ya maisha. Maneno hayo hayawataji transgenda kwa jina. Lakini yanasema “kila Mkongomani”, na hayakuweka mlango wa kuwatoa wengine.

Kivu ina jambo jingine. Vijana wengi wanatafuta kazi katika mashirika ya msaada na ya Umoja wa Mataifa. Kanuni za Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa za mwaka 2019 zinakataza ubaguzi na unyanyasaji kazini, na kati ya mambo yanayotajwa wazi ni jinsia ambayo mtu anajitambua nayo. Mtu anayefanya kazi huko ana pa kupeleka malalamiko. Kwa nafasi katika mashirika mengine, inafaa kuomba kusoma kanuni za mwenendo kabla ya kutia sahihi mkataba. Uliza nani anasoma dosye za wafanyakazi, zinafungiwa wapi, na malalamiko yanapokelewa na nani. Ni maswali ya kawaida ambayo mfanyakazi yeyote ana haki ya kuuliza, na hayamlazimishi kueleza siri yake.

Kwa mwenye biro, duka au atelye, kazi inayompokea kila mtu haihitaji pesa nyingi. Mwite mtu kwa jina analolitumia. Karatasi zake za zamani zikae kwa mtu mmoja anayeaminika, zisizungushwe meza kwa meza. Choo kiwe na mlango unaofunga vizuri. Vicheko vikianza, mkubwa wa kazi avizime siku ya kwanza, kwa sababu kufikia siku ya kumi vitakuwa vimeshakuwa desturi.

Kwa sisi wengine, majirani na wazazi, kuna jambo moja zito kuliko yote. Ukijua siri ya mtu, usiitoe. Kumtaja mtu bila ruhusa yake kunaweza kumfukuzisha kazini, katika nyumba anayopanga, hata katika familia. Mahali ambapo watu wamekwisha kukimbia mara mbili au tatu, hakuna anayestahili kukimbizwa tena na ulimi wa jirani. Na mzazi ambaye mtoto wake amemwambia jambo hili, hata kama halielewi bado, ajue kwamba sahani ya chakula na mahali pa kulala ndivyo vinavyomwezesha mtoto kuamka kesho na kupeleka dosye.

Jaji wa Nairobi hakumpa Audrey kazi. Alimpa karatasi ambayo haimpingi mwenyewe anapoiweka mezani. Mwalimu kutoka Masisi anayesubiri diploma yake itolewe upya analijua vizuri jambo hilo: hataki kuonewa huruma, anataka tu kuingia ndani, akae kwenye kiti, na aulizwe anajua kufanya nini.