Simu Inayomgombeza Bibi

Wiki hii nzima kuna swali linanizunguka kichwani, nikaona bora nilimwage hapa tulijadili. Hivi hizi programu za afya za kwenye simu, zinazosemekana ni za wazee, kuna mtu aliyekaa na mzee akamuuliza kwanza?

Kazi yangu ya kukimbiza habari imenifikisha kwenye uzinduzi kadhaa wa vitu hivi. Mambo ni yale yale: ukumbi wa hoteli, bango kubwa, sambusa, fulana za bure, na kijana wa rika langu mwenye kompyuta mpakato akieleza jinsi teknohama itakavyookoa wazee wetu. Mzee pekee ukumbini ni mgeni rasmi, na simu yake kashikiwa na msaidizi.

Chukulia suala la hatua. Simu nyingi zinahesabu hatua zako, na lengo lililozoeleka ni hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo haikutoka maabara, ndugu yangu. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliingiza sokoni kifaa kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia. Mwaka 2019, watafiti wakiongozwa na I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 16,741 wa Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea kama 2,700. Nafuu iliendelea kuongezeka mpaka kwenye hatua kama 7,500, halafu ikatulia. Sasa mzee aliyetembea 5,000 kwa magoti yanayouma, simu inamwambia amefika nusu tu ya lengo. Huko ni kumtia moyo au kumkatisha tamaa?

Tena hapo nimedhani kwamba simu anayo mwilini. Bibi yangu, anayeishi Muheza, simu yake hukaa dirishani, maana ndipo mtandao unapokamata. Yeye yuko shambani tangu alfajiri. Ukiiuliza simu, itakujibu kwamba Bibi ameshinda amekaa.

Halafu kuna mwili wenyewe. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na maandishi ya karibu yanakuwa ukungu. Masikio nayo, umri ukienda, hupoteza kwanza sauti nyembamba, na simu zetu nyingi hukumbusha kwa mlio mwembamba huo huo! Kidole kilichokauka kwa jembe na majivu hakisikiki vizuri kwenye kioo cha kugusa. Mzee anabonyeza mara tatu, hakuna kitu, mara ya nne kafungua asichokitaka. Tunamcheka, tunasema wazee hawaelewi teknolojia. Nani hajaelewa mwenzake hapo?

Si kwamba haiwezekani. Wajapani wana simu za Raku-Raku, ambazo kampuni ya NTT DoCoMo imekuwa ikiwauzia wazee tangu mwishoni mwa miaka ya tisini. Zina vitufe vya kumpigia mtu mmoja kwa mbonyezo mmoja, na baadhi zilipunguza kasi ya maneno ya anayepiga ili masikio yayafuate. Na sisi huku tulikuwa na Nokia 1100 ya mwaka 2003: tochi, vitufe visivyoingia vumbi kirahisi, betri ya siku kadhaa. Haikuitwa simu ya wazee, lakini wazee waliielewa, kwa sababu waliyoitengeneza walifikiria mtu anayeishi penye vumbi na giza.

Sasa niwape kisa cha Bibi. Ana presha, na dawa zake ni za kila siku. Mama mdogo alimnunulia simu janja, akamwekea programu ya kukumbushia dawa. Asipobonyeza kwamba amemeza, ujumbe mwekundu unatokea, na taarifa inaenda kwa watoto wake watatu. Basi jioni moja watatu wote wakampigia kwa zamu, kila mmoja na hotuba yake. Nilipokwenda kumsalimia nikamuuliza simu inaendeleaje.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania, "simu hii inanigombeza. Siku hizi ikilia tu nabonyeza, wanyamaze."

Dawa je? Dawa anameza akikumbuka. Kwenye simu za wanawe Bibi alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote Tanzania, na kliniki presha yake ilikuwa inapanda. Aliyeitengeneza programu ile akitazama takwimu zake atasema imefaulu. Ndiyo maana jambo hili haliniachii usingizi: chombo kinachomwaibisha mtu humfundisha kudanganya, na kwenye presha uongo huo unaweza kuishia kwenye kiharusi.

Angalieni walivyofanya Senegali mwaka 2014, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani na ITU. Walianza na ujumbe mfupi wa kawaida, kwenye simu yoyote, kuwashauri wenye kisukari namna ya kuupitia mwezi wa Ramadhani. Hawakuanza na kifaa. Walianza na swali ambalo mgonjwa mwenyewe alikuwa nalo.

Kwa Bibi dawa ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Nilimuuliza angependa akumbushwe na nani. Akasema na adhana ya alfajiri. Hiyo haikosi hata siku moja. Kopo la vidonge likahamia karibu na birika la udhu. Taarifa za kwa watoto akaomba zizimwe, mama mdogo akakubali baada ya ubishi kidogo. Simu ikabaki na kazi anayoipenda: kupiga soga na dada yake aliye Pemba.

Sisemi programu zitupwe. Nasema wenzangu mnaoandika programu, kabla ya kuchagua rangi, nendeni mkae mkekani siku mbili na mtu wa miaka 75. Na nyie wasomaji, wazee wenu wanazitumiaje simu mlizowanunulia? Uwanja ni wenu.